Chujio la maji la "nano": linachokamata na kinacholipita

Chujio ninalolieleza hapa nimelitumia nyumbani kwangu, Usa River mkoani Arusha, kwa miezi saba mfululizo. Nimeamua kuliandikia tathmini ndefu kwa sababu neno lililonifanya nilinunue, yaani neno "nano" lililochapishwa kwa herufi kubwa za buluu kwenye boksi lake, sasa linaonekana kwenye bidhaa nyingi madukani, na mnunuzi haelezwi lina maana gani wala linamwahidi nini hasa. Mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari. Majina ya mtengenezaji na ya duka nayaacha, kwa kuwa machujio ya aina hii yanauzwa na wengi na ahadi zao zinafanana.

Chujio lenyewe ni ndoo mbili za plastiki nyeupe zinazopandana, kila moja ya lita 16, na limetengenezwa nje ya Afrika. Chini ya ndoo ya juu kimefungwa kifaa cha mviringo chenye urefu wa shubiri moja hivi, na ukikifungua utaona ndani yake mamia ya nyuzi nyeupe zilizokunjwa, nyembamba kuliko tambi, kila uzi ukiwa na uwazi katikati kama mrija. Maji hushuka kwa uzito wake yenyewe, hupenya kuta za nyuzi hizo, kisha hupita kwenye kikombe cha mkaa ulioamilishwa, yaani mkaa uliotayarishwa uwe na vitundu vingi mno ndani yake, na kudondokea ndoo ya chini yenye koki. Halihitaji umeme wala pampu. Boksi linasema kwamba matundu ya kuta hizo yana upana wa nanomita 10, kwamba chujio limeundwa kwa "teknolojia ya molekuli", na kwamba linaondoa "uchafu wote". Nililipa shilingi 185,000 mjini Arusha. Kabla ya kulipa nilimwuliza muuzaji, kijana mwenye adabu aliyenipa kiti na kunifungulia boksi bila haraka, kama linaondoa na floraidi, ile iliyoyeyuka kwenye maji yetu na kuharibu meno ya watoto.

"Mwalimu, hii ni nano," alinijibu. "Hapo hakipiti kitu isipokuwa maji yenyewe."

Nianze na haki ya chujio hili, kwa maana inastahili kusemwa. Wakati wa masika maji ya mfereji wetu huja na rangi ya udongo, na chujio linayatoa yakiwa maangavu hata ukiinua glasi mbele ya dirisha. Ndoo ninayoijaza baada ya chakula cha usiku huwa imeshuka yote kabla ya alfajiri. Baada ya wiki tatu au nne kasi hupungua, lakini kifaa kinakuja na bomba kubwa la sindano la plastiki la kusukumia maji safi kinyumenyume, kazi ya dakika tano ambayo binti yangu wa darasa la sita anaifanya mwenyewe. Harufu ya klorini imekwisha. Tumeacha kuchemsha maji ya kunywa, na gunia la mkaa linakaa muda mrefu kuliko zamani.

Kuhusu vijidudu, hesabu iko upande wa mtengenezaji. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Bakteria wa kipindupindu ana upana wa takriban nanomita 500, bakteria wa koli ana urefu wa nanomita 1,000 hadi 2,000, kirusi cha rota kinachoharisha watoto wachanga kinakaribia nanomita 75, na hata kirusi cha homa ya ini aina ya A, ambacho ni kidogo sana, kina nanomita 27 au zaidi kidogo. Wote hao ni wakubwa kuliko tundu la nanomita 10, na maadamu nyuzi hazijakatika wala kuganda kwa baridi, watabaki juu kwa namna ile ile kifumbu kinavyozuia chicha na kuliachia tui. Hiyo ni kazi ya kweli na yenye thamani. Kama maji yako yana tatizo la vijidudu na tope tu, ungeweza kuishia kusoma hapa na ukalinunua bila kujuta.

Tatizo la maji yetu ni jingine. Miteremko ya Mlima Meru ni miamba ya volkano, na maji yanayopita ndani yake hubeba floraidi nyingi kabla hayajafika kwenye chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Katika kata ya Maji ya Chai na majirani zake vipo vyanzo vinavyokipita kiwango hicho mara kadhaa, na kila mtu aliyekulia huku anayajua meno ya kahawia yenye mabaka, ambayo mtoto huyapata wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi, katika miaka minane ya mwanzo ya maisha. Wanaokunywa maji makali zaidi kwa miaka mingi hupata jambo zito kuliko meno, yaani mifupa inayopinda na viungo vinavyokakamaa. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapopungua sufuriani floraidi inabaki pale pale na ukali wake unaongezeka. Hata magadi tunayotia kwenye kande ili mahindi na maharage yaive upesi huongeza kiasi chake mwilini, jambo ambalo akina mama wengi wa huku hawajawahi kuambiwa.

Wiki ya tatu baada ya kununua nilijaza chupa mbili, moja kutoka bombani na nyingine kutoka kwenye koki ya chujio, nikazipeleka maabara. Maji ya bomba yalikuwa na miligramu 3.8 za floraidi kwa lita. Maji yaliyochujwa yalikuwa na miligramu 3.7. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba kipimo chenyewe kinaweza kuileta. Nilirudi dukani na karatasi ya majibu, na muuzaji aliipokea kwa heshima, akaipiga picha ili amtumie msambazaji. Hadi ninapoandika sijapata jibu, na kilichoniuma zaidi ya fedha ni kwamba kwa wiki tatu nilikuwa nimewaambia watoto wangu kuwa sasa maji ni salama.

Kwa nini floraidi ilipita? Ioni ya floraidi, yaani atomu ya florini iliyobeba chaji hasi, ina kipenyo cha takriban nanomita 0.27. Kuizuia kwa tundu la nanomita 10 ni sawa na kumzuia kuku kwa geti lenye uwazi wa mita 10. Na wala kupunguza tundu peke yake kusingetosha, kwa sababu molekuli ya maji nayo ina upana wa takriban nanomita 0.28. Maji na floraidi ni watu wa kimo kimoja. Chujio linaloangalia kimo tu haliwezi kuwatofautisha. Ili kutimiza maneno ya yule kijana, chujio lingehitaji kuitambua kila molekuli inayofika mlangoni, kuiruhusu hii na kuikataa ile.

Jambo hilo hasa, kushika na kupanga molekuli moja moja kwa hiari ya mtu, ndiyo ahadi kubwa iliyolizaa neno lililoko kwenye boksi langu. Mwanafizikia Mmarekani Richard Feynman aliwaambia wenzake huko California, tarehe 29 Desemba 1959, kwamba haoni sheria yoyote ya fizikia inayokataza kuviunda vitu atomu kwa atomu. Neno lenyewe "nanoteknolojia" lilitumiwa kwanza na Norio Taniguchi wa Japani mwaka 1974, naye alikuwa akizungumzia uchongaji wa vifaa kwa usahihi mkubwa. Aliyeifanya ndoto hiyo iwafikie watu wa kawaida ni mhandisi Mmarekani Eric Drexler, ambaye mwaka 1986 alieleza mashine ndogo mno zenye mikono ya kushika molekuli, kuzielekeza mahali pake na kuziunganisha, mashine ambazo zingeweza hata kujizalisha zenyewe na kisha kutengeneza karibu chochote: dawa inayosaka ugonjwa ndani ya seli, vyombo vyepesi vyenye nguvu ya almasi, na bila shaka chujio lisilopitisha kitu isipokuwa maji.

Haikuwa ndoto tupu. Mwaka 1981, katika maabara ya kampuni ya kompyuta ya IBM huko Zürich, Uswisi, Gerd Binnig na Heinrich Rohrer walibuni hadubini inayopapasa uso wa kitu kwa ncha ya sindano kali kiasi cha kuhisi atomu moja moja, na mwaka 1989 Don Eigler na mwenzake, katika maabara ya kampuni hiyo hiyo huko California, waliitumia ncha ya namna hiyo kusukuma atomu 35 za zenoni juu ya kipande cha nikeli hadi zikaandika herufi tatu za jina la kampuni. Mara nyingi huwaonyesha wanafunzi wangu picha hiyo. Lakini huwaambia pia masharti yake: chombo kisicho na hewa kabisa ndani, baridi ya karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, na atomu za gesi isiyopenda kuungana na kitu chochote. Maji ya mferejini hayana hata moja kati ya masharti hayo. Yana joto, yana msukosuko, na kila molekuli inagongana na jirani zake mabilioni ya mara kwa sekunde.

Mkosoaji mkubwa wa ahadi ya Drexler alikuwa mkemia Richard Smalley, mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1996 kwa kugundua molekuli ya kaboni yenye umbo la mpira. Kati ya mwaka 2001 na 2003 alijenga hoja mbili ambazo hata leo mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuzielewa. Ya kwanza ni kwamba vidole vya mashine hiyo navyo vimetengenezwa kwa atomu, kwa hiyo ni vinene mno kuingia mahali ambapo atomu zinapangwa. Ni kama kumtaka fundi saa afanye kazi yake kwa vidole vyenye ukubwa wa saa yenyewe. Ya pili ni kwamba atomu hunata, na ukishaishika huna hakika kwamba itakubali kuachia kidole na kwenda unapotaka. Drexler alimjibu kwamba hakukusudia vidole vya aina hiyo. Mimi naona kila mmoja aliacha jambo muhimu mezani, na jambo hilo liko ndani ya mwili wa kila anayesoma tathmini hii.

Kabla ya kulifikia, tazama hesabu nyingine inayosahaulika. Gramu 18 za maji, ambazo ni kama kijiko kikubwa kimoja, zina molekuli 602,000,000,000,000,000,000,000. Mashine moja inayokagua molekuli milioni moja kwa sekunde, bila kupumzika, ingehitaji miaka bilioni 19 kukimaliza kijiko hicho, na ulimwengu wote una umri wa takriban miaka bilioni 13.8. Kwa hiyo mashine moja haifai kitu, wala milioni moja. Zinatakiwa kwa wingi usiohesabika, na wingi huo hauwezi kupatikana kiwandani kwa mikono. Ni lazima zijijenge zenyewe. Ndiyo maana ahadi ya Drexler ilifungamana na mashine zinazojizalisha, na ndiyo maana sehemu hiyo ya ahadi haijatimia hadi leo.

Sasa lile jambo lililo ndani ya mwili, na tuanze na figo. Mapema katika miaka ya 1990 Peter Agre wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, akiwa anatafuta kitu kingine kabisa kwenye chembe nyekundu za damu, aligundua protini ambayo kazi yake ni kuwa mlango wa maji. Protini hiyo, inayoitwa akwaporini, ina njia ambayo mahali pake pembamba kabisa pana upana wa takriban nanomita 0.28, kwa hiyo molekuli za maji hupita kwa mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine. Kila mlango hupitisha molekuli bilioni 3 kwa sekunde, na huzuia chumvi, na huzuia hata protoni, yaani kiini kitupu cha haidrojeni, ambayo ni ndogo kuliko kila kitu kinachobisha hodi pale. Chembe moja nyekundu ya damu ina milango hiyo takriban 200,000. Figo zako huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku na kuyarudisha mwilini karibu yote, na bila milango hiyo zisingeweza. Agre alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003, akigawana na Roderick MacKinnon aliyeeleza jambo linalonishangaza zaidi: mlango wa seli unaopitisha ioni za potasiamu na kuzikataa za sodiamu, ingawa sodiamu ni ndogo kuliko potasiamu. Ungekuwa mlango wa kupima kimo, mdogo angepita kwanza. Atomu za oksijeni zilizopangwa kando ya njia ile huipokea potasiamu kwa kipimo chake halisi, na sodiamu inafika haina pa kushika.

Basi hili ndilo ninalolisisitiza kwa kila anayeniuliza kama ahadi ya teknolojia ya molekuli ni kweli. Mashine za molekuli zipo, zinafanya kazi ndani ya maji, kwenye joto la mwili, katikati ya msukosuko ule ule, na hazina vidole. Zinatambua kwa umbo na kwa chaji, nazo ni laini, zinapindapinda, zinachakaa na kubadilishwa kila siku na seli zilizozijenga. Sisi binadamu tumejifunza kuzisoma, na hapa na pale tunaziazima. Mwaka 2016 Jean-Pierre Sauvage, Fraser Stoddart na Ben Feringa walipewa Tuzo ya Nobel kwa kutengeneza molekuli zinazozunguka na kuteleza zinapoamriwa, kazi nzuri sana ambayo bado iko maabara zaidi kuliko sokoni. Chanjo za mRNA za UVIKO-19 zilizotoka mwaka 2020 zilibebwa na vifuko vya mafuta vyenye upana wa takriban nanomita 100, na hiyo naihesabu kuwa ahadi iliyotimia, tena bila mkono wowote wa mashine: mafuta yale hujikunja yenyewe kuwa vifuko yanapochanganywa ipasavyo. Nchini Denmark wapo waliotengeneza tando za kuchujia maji zenye akwaporini ndani yake. Nategemea zitafika huku, na zikifika nitazipima.

Upo mpaka mwingine ambao hakuna ustadi utakaouvuka, na ningependa msomaji wa pwani mwenye kisima kilichoingiliwa na bahari auelewe kabla hajauziwa ndoto. Kutenganisha chumvi na maji kunagharimu nishati kwa sheria ya maumbile yenyewe. Ukitaka kupata maji matamu kutoka nusu ya maji ya bahari uliyonayo, kila mita moja ya ujazo itakudai takriban kilowati-saa 1 hata kama utando wako ni mkamilifu. Mitambo mizuri ya leo inatumia takriban 3 au zaidi kidogo. Nafasi ya kuboresha ipo, lakini haina ukubwa wa mara kumi. Na kinachoondolewa lazima kiende mahali. Mashine za nyumbani zinazosukuma maji kwa shinikizo kwenye utando wenye matundu madogo mno, ambazo kweli huondoa sehemu kubwa ya floraidi, mara nyingi humwaga lita 2 hadi 4 ili zitoe lita moja, nazo zinataka umeme. Kwa nyumba inayochota maji kwa zamu, hiyo ni bei nzito.

Kilichonitoa kwenye shida yangu kilikuwa mkaa wa mifupa. Elimu yake ni ya hapa hapa: kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi kwa miaka mingi, na upande wa Kenya Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru iliutengeneza na kuusambaza kwa watu wa Bonde la Ufa wenye tatizo kama letu. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo hadi iwe myeusi yenye kijivu, ikasagwa kuwa punje kubwa kuliko mchanga na kuoshwa vizuri. Ikichomwa vibaya maji yanatoa harufu na ladha, na ukikutana na mkaa wa namna hiyo usiukubali. Punje nilizonunua zilikuwa kavu, nyepesi, zinazolia kama changarawe ndogo ukizitikisa kwenye kopo. Nilizijaza kwenye ndoo ya tatu, nikaiweka juu ya chujio la nano, maji yapite kwenye mifupa kwanza. Majibu ya maabara yalisema miligramu 0.6 kwa lita.

Namna unavyofanya kazi inastahili kutazamwa kwa karibu. Mfupa umejengwa kwa fuwele za madini ya kalisi na fosfeti zenye unene wa nanomita chache tu, zilizowekwa na seli hai. Katika fuwele hizo kuna nafasi zinazokaliwa na ioni ya haidroksidi, yaani oksijeni na haidrojeni zilizoungana na kubeba chaji hasi, na floraidi, kwa umbo na chaji yake, inaitosha nafasi hiyo vizuri kuliko mwenyewe. Inaingia, haidroksidi inatoka. Ndicho kitendo kile kile kinachotokea kwenye mifupa na meno ya mtoto anayekunywa maji yetu: mwili wake unaikamata floraidi kwa sababu madini yake yanaitambua. Mfupa uliochomwa na kuwekwa kwenye ndoo unajitwalia kile ambacho mfupa wa mtoto ungejitwalia. Kati ya vitu vyote vilivyomo kwenye ndoo zangu tatu, hicho ndicho kinachotambua molekuli, na hakikuandikwa "nano" popote.

Nacho kina mpaka. Nafasi zikijaa, kazi imekwisha, na jicho haliwezi kujua kwa kuwa maji yanaendelea kutoka safi na matamu. Katika mwezi wa nne wa kuutumia mkaa huo kipimo changu kilikuwa kimepanda hadi miligramu 1.3, nikabadilisha punje zote. Familia inayotumia maji mengi kuliko sisi itabadilisha mapema zaidi, na yenye maji makali zaidi hali kadhalika. Wapo pia majirani zangu wanaotaka kujua mifupa imetoka kwa mnyama gani na amechinjwaje, na wana haki ya kupewa jibu la wazi na muuzaji. Asiyeridhika anaweza kutafuta alumina iliyoamilishwa, yaani punje za oksidi ya alumini, ambayo nayo hukamata floraidi kwenye uso wake.

Sitaki msomaji aondoke akidhani kwamba neno "nano" ni la uongo kila linapotumika. Mtanzania mwenzetu Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela hapa Arusha, mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza wa tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi inayotolewa na taasisi ya kifalme ya uhandisi ya Uingereza, pauni 25,000, kwa chujio linalounganisha mchanga wa kawaida na chembe za nano. Chujio langu halina uhusiano na lake. Ninalolipenda katika kazi yake ni wazo la kulipanga chujio kulingana na uchafu wa mahali husika, kwa sababu maji ya Meru si maji ya Mwanza, na chembe iliyoandaliwa kukamata metali nzito haitajali floraidi. Nyuso hizo ndogo zina nguvu ya ajabu: gramu moja tu ya mkaa ulioamilishwa, kama ule ulioko kwenye kikombe cha chujio langu, ina eneo la ndani la mita za mraba 500 hadi 1,500. Nguvu hiyo ni ya kweli. Inatakiwa tu ielekezwe kwenye kitu kinachojulikana.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya chujio la ndoo mbili ni hii. Kwa tope, bakteria na virusi nalipatia alama nzuri, na nitaendelea kulitumia. Kwa uimara, koki ilianza kuvuja katika mwezi wa tano wa matumizi na nikaibadilisha kwa ya shilingi 4,000 kutoka duka la vifaa vya ujenzi; mengine yote yako sawa. Kwa floraidi na chumvi halina kazi yoyote, na maneno "uchafu wote" yaliyoko kwenye boksi yanapaswa kufutwa, kwa sababu katika wilaya kama yetu ya Arumeru maneno hayo yanamfanya mzazi aache kutafuta tiba halisi wakati meno ya mwanawe bado yanajengeka. Bei ingekuwa ya haki kama boksi lingesema wazi linakamata nini, kwa njia gani, na hadi lita ngapi. Nilipolichunguza tena nikiandika haya, sikuona hata moja kati ya hayo matatu isipokuwa ule upana wa tundu.

Anayetaka kulinunua huku kwetu apime maji yake kwanza. Chupa moja safi ya plastiki yenye nusu lita inatosha, na ni vizuri achukue maji ya kiangazi na ya masika pia kwa kuwa hayafanani. Akiona floraidi iko juu ya 1.5, aongeze ndoo ya mkaa wa mifupa kabla ya chujio, aandike tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya mfuniko, na apime tena baada ya miezi miwili au mitatu. Juu ya mfuniko wa kwangu imeandikwa tarehe ya mwezi uliopita, na chupa ya kipimo kijacho tayari iko dirishani, imeoshwa.